Shajara ya mradi: Kazi ya Ann Rule katika sehemu sita za sauti

18 Januari 2025: Mradi wenyewe

Nimeanza kutengeneza podikasti ya Kiswahili, sehemu sita, kuhusu kazi ya Ann Rule, mwandishi wa Marekani aliyetoa vitabu zaidi ya 30 vya uhalifu wa kweli hadi alipofariki Julai 2015 akiwa na miaka 83. Nitaongeza maelezo hapa kila hatua inapokamilika, pamoja na gharama na yaliyogoma, ili mwenye nia ya kutengeneza kitu cha aina hii apate pa kushika.

Simulizi za mauaji zina wasikilizaji wengi kwetu. Daladala, saluni, vijiwe vya kahawa, kote zinasikika. Tatizo langu nazo ni kwamba nyingi hukaa na muuaji mwanzo hadi mwisho, na aliyeuawa anatajwa mara moja tu, pale mwili wake unapookotwa. Nilitaka kumchukua mtu aliyeishi kwa kazi hii zaidi ya miaka 40 na kuangalia alikuwa anaifanyaje, kuanzia mezani kwake hadi mahakamani.

Rule anafaa kwa sababu njia yake inaonekana. Babu yake alikuwa sherifu kule Michigan, na Ann akiwa mtoto alikuwa akienda huko likizo na kusaidia kupeleka chakula kwa mahabusu. Mwanamke mmoja mle ndani alimfundisha kufuma kroshia, na mwanamke huyo huyo alikuwa anasubiri kesi ya mauaji. Swali la mtoto yule, kwamba mtu mpole namna hii amefikaje hapa, ndilo alilozeeka nalo. Alisoma uandishi Chuo Kikuu cha Washington, akachukua pia saikolojia na elimu ya uhalifu na magereza. Alikuwa polisi Seattle kwa muda mfupi, akatolewa kwa sababu ya macho: hakuwa anaona mbali.

Bajeti niliyojiwekea ni Sh 700,000. Kompyuta ninayo, na programu ya kuhariria sauti, Audacity, ni ya bure. Maiki ya USB nimenunua Kariakoo kwa Sh 165,000.

9 Februari 2025: Vyanzo

Vitabu viwili nimenunua vya kielektroniki, Sh 79,000 kwa vyote. Cha tatu nimekiagiza nakala ya karatasi iliyotumika, na pamoja na usafirishaji kimenigharimu Sh 96,000. Ushauri wangu kwa anayefuata: nunua vya kielektroniki vyote. Unapoandika skripti unatafuta jina au tarehe kila dakika, na kwenye karatasi utapoteza jioni nzima ukifunua kurasa.

Lililonikwamisha ni ruhusa. Nilikusudia kusoma hewani vipande virefu vya kitabu chake cha kwanza, The Stranger Beside Me cha 1980. Nikaandika kuomba ruhusa, sikujibiwa. Mwandishi aliyefariki 2015 bado haki zake ziko hai na zitabaki hai kwa miongo mingi, kwa Marekani na kwa Tanzania pia. Kwa hiyo vipande vyote nimevitoa. Nasimulia kwa maneno yangu, na pale ninapotegemea kumbukumbu yake nasema wazi kwamba ni yake.

Hapo ndipo ulipozaliwa utaratibu ninaoushauri kuliko kitu kingine chochote katika shajara hii. Skripti yangu ina rangi tatu. Kijani ni jambo lililo kwenye hati ya mahakama. Bluu ni jambo analolikumbuka Rule mwenyewe. Nyekundu ni lililotoka gazetini au kwa mtu mwingine. Hukumu za Mahakama Kuu Kabisa ya Florida katika rufaa za Ted Bundy, muuaji ambaye kitabu hicho cha kwanza kinamhusu, za miaka ya 1980 zinapatikana mtandaoni bure, nami nimezisoma neno kwa neno. Ukurasa ukijaa nyekundu, naurudia. Mfano ni idadi ya waliouawa: mtandaoni utakuta kila namba unayoitaka, hadi 100 na zaidi. Alichokiri Bundy kabla ya kuuawa kwenye kiti cha umeme tarehe 24 Januari 1989 ni mauaji 30. Ndiyo namba tunayotumia, na tunaeleza kwamba ni ya kukiri kwake.

2 Machi 2025: Skripti ya kwanza imeanguka

Sehemu ya kwanza niliianza kwa Bundy akitoroka. Ni tukio la kuvutia: Juni 1977 aliruka dirishani katika maktaba ya mahakama ya Aspen, na mwisho wa Desemba mwaka huo huo akatoka gereza la Glenwood Springs kwa kupitia tundu la dari. Nilipoisoma kwa sauti, dakika zilikuwa zimekwenda nyingi na Rule hajatajwa. Nilikuwa nimeandika simulizi ile ile niliyoikimbia.

Toleo jipya linaanzia 1969. Rule ana watoto wanne, anaandikia jarida la True Detective visa vya mauaji vya Kaskazini Magharibi mwa Marekani, na jina linalochapishwa juu ya makala ni Andy Stack. Stack limekatwa kutoka Stackhouse, jina la ukoo wake. Wahariri waliamini wasomaji wasingemwamini mwanamke kwenye habari za polisi na maiti. Baada ya ndoa yake kuvunjika, makala hizo ndizo zilizowalisha watoto. Aliandika mamia. Kila kisa kilimlazimu kusoma jalada, kuzungumza na wapelelezi, na kuandika kwa namna ambayo mpelelezi akisoma asione aibu kwamba alimpa ushirikiano.

Hicho ndicho chuo chake halisi. Kwa mwandishi wa leo anayetaka kuingia katika saikolojia ya wahalifu, nadhani miaka hii ya Andy Stack ina faida kuliko umaarufu wote uliofuata. Nimeipa sehemu nzima.

30 Machi 2025: Majaribio barazani, na dalili zinazoua kipindi

Hatua hii ndiyo iliyobadilisha mradi, kwa hiyo nitakaa hapa.

Sehemu ya pili inahusu mwaka 1971. Rule alikuwa anajitolea usiku kwenye simu ya msaada kwa watu wanaofikiria kujiua, mjini Seattle. Mdogo wake wa kiume alikuwa amejiua, na hilo ndilo lililompeleka pale. Mwenzake wa zamu alikuwa mwanafunzi wa saikolojia aliyelipwa ujira mdogo chini ya mpango wa kazi kwa wanafunzi. Huyo ndiye Ted Bundy. Walikuwa wawili tu katika jumba la zamani, kila mmoja na simu yake, wakiokoa watu.

Katika skripti, baada ya kueleza hayo, niliweka orodha ya Robert Hare, mwanasaikolojia wa Kanada aliyetengeneza kipimo cha saikopathi: maneno matamu, uongo wa kudumu, kutokuwa na majuto, kuishi kwa mgongo wa wengine, na kadhalika. Nia ilikuwa kumpa msikilizaji elimu. Nikaalika watu barazani kwangu Tabata: fundi cherehani, dereva wa bodaboda, mama anayeuza maandazi na jirani yangu mwalimu mstaafu. Chai, vitafunwa na nauli zao vilinigharimu Sh 60,000.

Orodha ilipoanza kusomwa, kikao kiliamka. Fundi alinikatiza: “Dada, huyu unayemsoma ni shemeji yangu mtupu.” Bodaboda akamtaja bosi wake. Mama wa maandazi akaanza kuhesabu vidole kuhusu mpangaji mwenzake, na alikuwa hacheki. Kufikia mwisho wa kipindi, barazani petu palikuwa na wauaji watarajiwa kadhaa, wote watu wa kawaida wenye tabia mbaya za kawaida.

Mwalimu mstaafu alisubiri wakanyamaza, akaniuliza: “Mwanangu, huyo Bi. Ann aliyekaa naye chumba kimoja usiku kucha, yeye alizionaje hizo dalili?”

Jibu ni kwamba hakuziona. Anamkumbuka kijana mvumilivu kwa wapiga simu, aliyekuwa akimsindikiza hadi kwenye gari lake zamu ikiisha na kumsisitiza afunge milango. Na huyu hakuwa mwanamke mgeni wa mambo. Alishakuwa polisi, alisoma saikolojia, aliandika juu ya wauaji kila mwezi.

Marekebisho yalikuwa haya. Orodha imetoka yote. Hare amebaki kwa dakika mbili, na ninachoeleza ni jinsi kipimo kinavyofanya kazi: kina vipengele 20, kila kimoja kinapewa 0, 1 au 2, jumla ya juu ni 40, na Amerika Kaskazini kiwango kinachotumika sana kumwita mtu saikopathi ni 30. Anayekitumia lazima awe amefunzwa, amhoji mhusika, na awe na jalada la maisha yake mezani. Mtu hapimwi kwa kusikia habari zake barazani.

Mahali pa orodha nimeweka alichokifanya Rule. Tarehe 14 Julai 1974 wanawake wawili walitoweka mchana kweupe katika ufukwe wa Ziwa Sammamish, penye umati wa watu. Mashahidi walisema kijana aliyefungwa mkono alikuwa anaomba msaada wa kupakia mashua, na alijitambulisha kwa jina la Ted. Mchoro wake ukatoka magazetini. Rule aliona sura inafanana na mtu anayemjua, jina ni lile lile, akampigia mpelelezi aliyemfahamu, huku akiona vibaya kumtaja rafiki. Mashahidi walikuwa wametaja Volkswagen ya mgongo wa kobe. Mpelelezi alipoangalia kumbukumbu akakuta Bundy anayo, wakati Rule alidhani hana gari. Lakini taarifa za wananchi zilikuwa maelfu, na Bundy alikuwa mwanafunzi wa sheria asiye na rekodi ya uhalifu. Jina lake liliingia kwenye rundo. Alikamatwa Agosti 1975 kule Utah, na aliyemsimamisha alikuwa askari wa barabarani aliyetilia shaka gari lake usiku.

Jina, sura, gari. Rule hakupeleka polisi uchambuzi wa tabia, na kesi haikufunguka kwa uchambuzi wa tabia. Saikolojia ilikuja baadaye, kueleza kilichokwisha kuthibitishwa. Tangu siku ile kila sehemu ya podikasti inafuata mpangilio huo: ushahidi kwanza, nafsi baadaye. Nilirudia kikao na watu wale wale. Hakuna aliyemtaja ndugu yake. Walibishana kuhusu kwa nini polisi hawakumfuata mapema, na ndiyo mazungumzo niliyokuwa nayatafuta.

27 Aprili 2025: Kurekodi

Kwa ufupi. Chumbani, godoro ukutani na blanketi mbili mlangoni, sauti ni safi, ila masika yameanza na bati halinyamazi. Nimekodi studio ya mtaani Sinza kwa Sh 25,000 kwa saa, jumla Sh 100,000. Msimulizi mwenzangu nimemlipa Sh 150,000.

Jambo moja la kurithi. Tulijaribu kuigiza mazungumzo ya usiku kati ya Rule na Bundy, mimi na kaka mmoja mwenye sauti nzuri. Yalisikika vizuri mno. Msikilizaji angeondoka akiamini yale maneno yalitamkwa, wakati tuliyatunga sisi. Tumefuta. Mahali pake nasema: Rule anakumbuka kwamba. Sentensi hiyo haina mbwembwe, ila msikilizaji anajua amesimama wapi. Kumbuka pia kwamba Rule mwenyewe alikuwa katika nafasi ngumu hapa. Mkataba wa kuandika kitabu kuhusu wanawake waliotoweka aliupata 1975, kabla hajajua kwamba mshukiwa atakuwa rafiki yake. Aliendelea kuandikiana naye barua akiwa jela, akahudhuria kesi yake Miami mwaka 1979, na kitabu kikatoka mwaka uliofuata. Baadaye alikiongezea kurasa mara kadhaa kadiri mambo mapya yalivyojulikana. Hakulificha hilo. Aliliweka katikati ya kitabu, na wasomaji wakamwamini zaidi.

25 Mei 2025: Waliouawa

Sehemu ya tatu sasa inaanza kwa sauti ya redio, kwa sababu ya Lynda Ann Healy. Alikuwa na miaka 21, anasoma saikolojia Chuo Kikuu cha Washington, na asubuhi na mapema alikuwa akisoma redioni taarifa za theluji kwa wanaokwenda kuteleza milimani. Alitoweka chumbani kwake tarehe 1 Februari 1974. Asubuhi ile hakufika kazini, na saa yake ya mezani iliendelea kulia.

Nilipokuwa napanga ukurasa huu niliona kitu ambacho sikuwa nimekipa uzito: Healy, Bundy na Rule, wote watatu walipita chuo hicho kimoja, wote watatu walisoma saikolojia. Sina nadharia ya kutoa juu ya hilo. Nimeliacha lisikike, kisha kimya cha sekunde tatu.

Sehemu ya nne, kuhusu mauaji ya Green River, mto ulio karibu na Seattle, ilinisumbua zaidi. Miili ya kwanza ilipatikana mtoni mwaka 1982, si mbali na alipokuwa akiishi Rule. Akaanza kukusanya makaratasi. Gary Ridgway, mpaka rangi wa malori, alikamatwa Novemba 2001 baada ya DNA kumuunganisha na waliouawa, na Novemba 2003 alikiri mauaji 48 ili asinyongwe. Kitabu cha Rule, Green River, Running Red, kilitoka 2004. Zaidi ya miaka 20 ya kusubiri.

Wengi wa waliouawa walikuwa wasichana wadogo wa barabarani, na habari za wakati ule ziliwataja kwa kazi yao kabla ya majina yao. Rasimu yangu ilifanya hivyo hivyo, kwa sababu vyanzo vyekundu ndivyo vinavyoanza. Rule alirudi kwa familia akaandika nani alikuwa mtoto wa nani, nani aliacha mtoto mchanga, nani alikuwa anapiga simu nyumbani kila wiki. Nimeandika upya kwa mpangilio wake: kwanza nyumbani kwao, halafu barabarani, na Ridgway anapata dakika nne za mwisho. Msimulizi mwenzangu alisema anapata taabu kusoma baadhi ya mistari. Tumemwachia apumzike katikati badala ya kukata na kuunganisha, na pumziko hilo limebaki kwenye rekodi.

22 Juni 2025: Pesa, na maombi kutoka kwa wasikilizaji

Sehemu ya tano inauliza kama ni halali kula kutokana na mauaji ya watu. Naliuliza kwa dhati, maana mimi pia nimo.

Rule alifanikiwa sana. Kitabu cha 1987, Small Sacrifices, kuhusu Diane Downs aliyewapiga risasi watoto wake watatu huko Oregon Mei 1983, kilifanya jina lake likae. Mtoto mmoja alikufa, wawili walinusurika, na mwendesha mashtaka aliyempeleka mama yao gerezani akaja kuwaasili yeye na mkewe. Kwa upande mwingine wa mizani, Rule alitoa maelezo mbele ya kamati ndogo ya Seneti ya Marekani na kusaidia juhudi zilizozaa VICAP, mfumo wa FBI ulioanza 1985 wa kuunganisha taarifa za mauaji kutoka majimbo mbalimbali. Bundy aliua katika majimbo mengi, na polisi wa jimbo moja hawakuwa na njia rahisi ya kujua la pili. Wapo waliomlaumu pia, na wahukumiwa waliosema aliwaonea, na hilo tumelieleza bila kulipunguza. Ninayo maoni yangu: kilichomlinda ni kuhudhuria kesi na kungoja hukumu kabla ya kuchapa.

Na hapo ndipo wasikilizaji wa majaribio walipotujaribu. Ombi linalorudi ni tuchukue kesi fulani ya hapa nchini, inayoendelea sasa, tumchambue mshtakiwa kisaikolojia. Nimekataa kila mara. Kesi ikiwa mahakamani, mshtakiwa hajahukumiwa, na mimi sijamhoji wala sina jalada lake. Anayetaka kisa cha nyumbani aingie tovuti ya TanzLII, hukumu za Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani zipo pale bure, au Kenya Law kwa wenzetu wa Kenya. Soma hukumu ya rufaa iliyokwisha. Utakuta ushahidi, utetezi, maelezo ya onyo na sababu za majaji, vyote katika hati moja ambayo gazeti huipa aya tatu.

Gharama hadi leo: maiki Sh 165,000, vitabu Sh 175,000, kikao cha baraza Sh 60,000, studio Sh 100,000, msimulizi Sh 150,000, mhariri wa sauti Sh 180,000, bando Sh 55,000. Jumla Sh 885,000, yaani bajeti imepita kwa Sh 185,000. Ningepunguza kwenye kitabu cha karatasi, na studio ningeikwepa kwa kurekodi kabla ya masika. Mhariri wa sauti nisingemgusa. Amestahili kila shilingi.

20 Julai 2025: Tulipo

Sehemu tano zimekamilika. Ya kwanza na ya pili zimechezwa na redio ya jamii iliyoziomba, bila malipo, kwa sharti kwamba zisikatwe. Ya nne tumeituma kwanza kwa mwanasaikolojia wa hospitali, ambaye ameomba mwishoni itajwe namba ya mtu wa kuzungumza naye kwa atakayeguswa. Imeongezwa, na ya pili pia, kwa kuwa inahusu kujiua.

Ya sita ni ya vitendo: jinsi ya kuomba nakala ya hukumu masjala, jinsi ya kukaa mahakamani bila kuvuruga, jinsi ya kumwendea mama wa marehemu na lini usimwendee kabisa. Skripti iko tayari isipokuwa ukurasa wa mwisho, ambao mwanasheria bado anausoma. Akishaurudisha tutarekodi chumbani, maana mvua zimekatika. Faili tupu la skripti lenye rangi tatu nitaliweka pamoja na sehemu hiyo, kila anayelitaka alichukue.